Tupeane uzoefu: kitu cha kwanza ulichojisomea kwenye kompyuta bila kuazima macho

Mhasibu Mstaafu (mleta uzi)
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wasioona, wenye uoni hafifu na jamaa zao. Naanza mimi.

Presha ya macho ilinimaliza nikiwa na miaka 29. Baada ya hapo kila kitu nikawa nasomewa. Baruapepe alinisomea binti wa marehemu kaka yangu, mtoto mwenye adabu zake, akifika penye mambo mazito anakohoa. Siku moja jamaa akaja na flashi, akaichomeka kwenye laptopu, hakusakinisha chochote. Mara kamlio ka kupanda, kisha sauti ikaanza kunitajia kila kilichopo kwenye skrini. Akaniambia inaitwa NVDA, ni ya bure, na unaweza kutembea nayo mfukoni ukachomeka kwenye mashine ya mtu yeyote yenye Windows.

Alipoondoka nikaenda moja kwa moja kwenye barua ya mchumba wangu wa zamani. Binti alinisomea mistari miwili: anakusalimu, ametingwa na kazi. Nikawa nashuka kwa mshale, mstari, mstari, mstari. Zilikuwa aya sita.

Haya, wengine.

Dada wa Likoni
Pole kaka. Yangu ni ya masomo. Chuoni nilikuwa natumia kisoma skrini cha kulipia, JAWS, lakini kwa majaribio, maana leseni ilinishinda. Majaribio yake ni dakika 40, kisha uzime kompyuta na kuiwasha upya ndipo uendelee. Tasnifu yangu nzima niliiandika kwa vipande vya dakika 40. Nilipohamia NVDA bado nikawa nashtuka kila ikikaribia dakika ya 40, nahifadhi kazi mbiombio kama mtu anayesikia adhana ya magharibi na futari haijaiva.

Cha kwanza kukisoma kwa utulivu kilikuwa sura yangu ya pili. Jamani, makosa!

kipofu_mjanja
Mimi siku ya kwanza niliitukana. Sauti kama ya mtu aliyefungiwa kwenye pipa, halafu Kiswahili inakisoma kizungu. "Pole" inasema "poul", "wake" inasema "weik". Rafiki kaniandikia "pole na msiba wake", nikakaa dakika nzima najiuliza huyu kaanza lini kusoma Kijerumani.

Mhasibu Mstaafu
Hahaha mkuu, hiyo ni sauti ya Kiingereza. Shika Insert na Control, bonyeza V, kwenye orodha ya sauti za eSpeak, mtambo wa sauti unaokuja na NVDA, Kiswahili kipo. Kama kibodi yako haina Insert, kwenye mipangilio unaweza kuiambia itumie Caps Lock.

kipofu_mjanja
Nilishaipata zamani mkuu, nasimulia tu. Siku hizi nimeipandisha kasi mpaka naacha spika wazi ofisini, nasoma mambo ya mishahara, na wenye macho yao wamekaa pale hawaambulii neno.

Fundi wa Steshenari
Mimi naona, ila nina kisa. Mteja wangu mmoja asiyeona alikuja kuchapisha barua, tukaweka NVDA kwenye mashine ya dukani. Inasema, inasema, haikomi, watu wamejaa mlangoni. Sikujua kumbe ukigusa Control inanyamaza. Mara skrini ikawa nyeusi tii. Nikachungulia kebo, nikaichomoa, nikairudisha, jasho linanitoka. Mzee wa watu kakaa kimya anaandika tu. Mwisho akaniuliza, "Fundi, unahangaika na nini?" Kumbe ni yeye! Kuna pazia la skrini, Insert na Control na Escape, kioo kinazimika lakini programu inaendelea kusema. Akasema amesikia pumzi ya mtu nyuma ya bega lake.

mwanafunzi_wa_zamani
Nani kaitengeneza? Nisije nikawa naibiwa taarifa zangu.

Dada wa Likoni
Ni Michael Curran wa Australia, alianza mwaka 2006. Baadaye akaungana na James Teh. Wote wawili hawaoni, na walifahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki. Shirika waliloanzisha, NV Access, halifanyi biashara ya faida, linaishi kwa michango na ruzuku. Msimbo wa NVDA, yaani maandishi yaliyoiunda programu, uko wazi, mwenye ujuzi anaweza kuukagua mwenyewe.

mwanafunzi_wa_zamani
Asante dada. Basi na mimi nitoe dukuduku. Cha kwanza kukisoma mwenyewe kilikuwa tangazo la kazi. Nikaruka kwa herufi H, kichwa cha habari hadi kichwa cha habari, raha tupu. Kufika kwenye fomu: "kitufe. Kitufe. Kitufe." Vyote havina majina. Nikabahatisha cha tatu, kikafuta nilichokwisha kujaza. Maelezo ya kazi yenyewe yalikuwa karatasi iliyopigwa picha, kisoma skrini hakikukuta hata herufi. Wakati ule sikuijua Insert na R, ile inayotambua maandishi yaliyo kwenye picha. Nikamwita jirani anisomee. Kwa hiyo mwenzenu nimejisomea nusu.

Mama Salma
Sisi wa uoni hafifu tunaruhusiwa? Mimi nakuza herufi mpaka neno moja linajaza skrini, jioni kichwa kinagonga.

Mhasibu Mstaafu
Karibu sana mama. Vitumie vyote viwili: kuza herufi kwa kutafuta mahali, kusoma iachie sauti. Macho yaweke akiba.

Fundi wa Steshenari
Mleta uzi, yule binti alisemaje ulipomwambia umezikuta aya sita?

Mhasibu Mstaafu
Yuko Dodoma siku hizi, ana watoto wawili. Sijamwambia mpaka leo.