Muendelezo upi kwanza: Searching for Dragons au Castle in the Air?

MamaWawili (Donholm)
Hamjambo wapenzi wa vitabu. Binti yangu wa miaka 11 amemaliza Dealing with Dragons ya Patricia C. Wrede na Howl's Moving Castle ya Diana Wynne Jones likizo hii, na sasa hanipi usingizi. Muuza vitabu vya mtumba mjini amenishikia miendelezo yote miwili mpaka Jumamosi, ila pesa niliyo nayo ni ya kimoja. Nichukue kipi?

MsomajiKaloleni
Mama, chukua Searching for Dragons (1991). Katika kitabu cha kwanza tulitembea na Cimorene, binti mfalme aliyekataa kuozwa akaenda kuwapikia majoka. Safari hii tunamwona kwa macho ya Mendanbar, mfalme kijana wa Msitu wa Uchawi aliyechoshwa na shughuli za kasri. Kusema kweli nilinuna kurasa za mwanzo, nilikuwa namtaka Cimorene wangu. Halafu ikaja sura ya tano. Mfalme mzima anafika pangoni kumtafuta Kazul, Mfalme wa Majoka, anamkuta Cimorene na sinki linalomsumbua, na kabla ya mazungumzo kwenda mbali amelitengeneza. Hapo nikaacha kununa. Cimorene ni yule yule, hajapunguzwa makali ili apate mchumba. Amepatikana tu mtu wa kumthamini anavyostahili. Na wachawi wanyonya nguvu za msitu bado wanayeyushwa kwa maji ya sabuni yenye limau!

BwanaRafu
Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Castle in the Air (1990) ndiyo hadithi tamu zaidi. Abdullah anauza mazulia katika mji uitwao Zanzib, na mtu aliyelelewa na Alfu Lela Ulela atajihisi nyumbani tangu ukurasa wa kwanza. Zulia lake la kuruka linataka kusifiwa kama sultani. Jini wa chupa anatoa ombi moja kwa siku, kwa kinyongo, na kila ombi linazaa balaa lake. Mabinti wa kifalme waliotekwa nao si wa kukaa wakilia dirishani. Wanakaa chini na kupanga.

MamaWawili (Donholm)
Asante kaka. Je, Howl na Sophie wa Howl's Moving Castle wamo? Mtoto anampenda Sophie kupita kiasi.

BwanaRafu
Wamo, ila wanajitokeza waziwazi kitabu kikiwa kinaelekea ukingoni. Siwezi kukuficha hilo.

MwalimuRongai
Basi hapo jibu limepatikana, Mama. Mtoto anayewadai marafiki wake mpe kitabu ambacho wanamfungulia mlango mapema. Searching for Dragons ina udhaifu wake: safari ya katikati, juu ya zulia lenye picha za dubu wa kuchezea, inavutwa kidogo. Lakini Cimorene yupo kila hatua.

Jambo jingine: asifuate miaka ya uchapishaji. Talking to Dragons ilitoka 1985, kabla ya vyote, ilhali ni ya nne katika mtiririko wa hadithi hii ya majoka. Akianza nayo atajua mapema mengi ya vitabu vya katikati.

Na ukimsomea kwa Kiswahili kama ninavyowasomea wangu, mweleze mapema kwamba Kazul ni jike. "Mfalme" ni cheo cha kazi, na "Malkia wa Majoka" ni kazi nyingine kabisa. Wangu walibishana juu ya hilo jioni nzima.

MsomajiKaloleni
Castle in the Air usiitupe, Mama. Ulizia maktaba ya McMillan pale Banda Street, Nairobi, huenda ukaiazima.

MamaWawili (Donholm)
Jumamosi jioni: nimechukua ya majoka. Ameanza kuisoma ndani ya matatu, Jogoo Road nzima hakuinua kichwa. Sasa hivi ameniita jikoni, kidole kikiwa sura ya tano, anataka kujua kama mfalme wa kweli anaruhusiwa kushika spana.