Spidi gavana ya boti: inaleta haki kwenye skii ya maji, au inampa ushindi mwenye boti?

MWENYE MADA, GGABA

Wadau wa ziwani, hamjambo. Ule ugomvi wa mbuzi haujaisha, basi naomba tuumalizie hapa mbele ya watu ambao hawakuwepo.

Kwa kifupi: Desemba tulikuwa kumi na mmoja, tukishindania mbuzi kwenye ghuba moja ya Ziwa Victoria, Uganda, kati ya Ggaba na Entebbe. Sita wa kwanza walivutwa na boti ya kisasa ya ndugu yetu mmoja, ile yenye injini ndani na skrini inayoshika mwendo yenyewe. Halafu gugu maji likaziba, maji ya kupoza yakakatika, injini ikapiga kengele ya joto, ikazimwa. Watano tuliobaki tukavutwa na boti ya faiba yenye mashine ya nyuma, dereva mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mafuta. Mbuzi alikwenda kwa mtu wa kundi la kwanza, kwa nusu boya, maana alama ni maboya uliyozunguka. Nusu! Tangu siku hiyo kuna hoja inazunguka: safari ijayo boti isiyo na kidhibiti mwendo cha GPS isivute mtu, ibaki kubeba watazamaji na kreti za soda. Mimi napinga. Na ndiyo, nilikuwa kundi la pili, msinikumbushe.

Kwa mgeni wa mchezo: njia ya slalomu ni mita 259 kutoka lango la kuingilia hadi la kutokea. Boti inapita katikati imenyooka, mchezaji nyuma yake anazunguka maboya sita, matatu kila upande, kila moja mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Ukiyamaliza, mwendo unaongezwa kilomita 3 kwa saa. Ukifika mwendo wa juu, ambao ni kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake, hauongezwi tena. Kinachofuata ni kufupishwa kamba: mita 18.25, 16, 14.25, 13, 12, na kuendelea. Wakubwa wanafika 10.25, yaani kamba fupi kuliko umbali wa boya lenyewe, mtu anajazia kwa mwili na mkono. Mwaka 2013 Nate Smith wa Marekani aliweka rekodi ya dunia kwa maboya mawili na nusu, kamba ya mita 9.75. Kwa hiyo msinicheke na nusu yangu. Hata rekodi ya dunia ilikaa kwenye nusu.

Sasa mwendo. Kwa kilomita 58, mita zote 259 zinaisha kwa sekunde 16.08. Sisi tulikuwa kilomita 49, ambayo ni sekunde 19.03. Zamani kila kitu kilikuwa mkononi mwa dereva: saa ikionyesha muda sahihi, mzunguko, yaani kupita njia mara moja, umekubaliwa. Lakini dereva anaweza kukuletea 19.03 iliyonyooka na bado akakuua. Unapokata nyuma ya boti umejilaza, unaivuta boti mkia, nayo inapungua. Dereva akichelewa kujibu hapo, kisha akafidia unapogeuka kwenye boya, wakati hutaki kabisa kusukumwa, saa itasema sawa. Mikono yako itasema kingine.

Ndipo Wakanada wa kampuni ya Perfect Pass wakaja miaka ya 1990 na kompyuta ya kushika mizunguko ya injini, na baadaye ikaja Zero Off, inayosoma mwendo kwa GPS na kuujibu yenyewe. Dereva anabaki na usukani tu. Hapo kila mtu alisema haki imefika.

Imefika nusu. Mfumo huo una menyu. Mchezaji anachagua herufi, A, B au C, na namba, 1, 2 au 3. Herufi inagusa injini inajibu mapema kiasi gani unapovuta. Namba inagusa inajibu kwa nguvu kiasi gani. Wawili wakipita na 16.08 ileile, mmoja amevutwa kama anayenyanyuliwa, mwingine kama anayepigwa teke la mgongo. Muda sawa si mvuto sawa. Mwenye boti hiyo nyumbani amejaribu herufi zote kwa miaka. Mimi nitaulizwa gatini, "Ssebo, unataka ipi?", nitajibu nini? "Yoyote, bora isizime"?

Hoja yangu: tukilazimisha skrini, tumeutoa upendeleo mkononi mwa dereva tukauweka mfukoni mwa mwenye boti.

FUNDI WA MASHINE, LUZIRA

Umeeleza vizuri lakini umesahau hewa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu hapa, ukilinganisha na ileile ikiwa pwani. Kidhibiti mwendo hakina nguvu yake, kinaazima ya injini. Mtu wa kilo 95 akijilaza kwenye kamba, kompyuta inaomba mafuta, injini inasema nimefika mwisho. Skrini bado itaandika 49. Nguvu ya akiba ndiyo inayokosekana.

Kwa hiyo hata wenye skrini wasijidanganye kwamba wanavutwa kama watu wa Florida. Badilisheni kwanza propela, wekeni yenye pichi ndogo, yaani inayosogea kidogo kwa kila mzunguko wake. Bei yake ni ya kuvumilika kuliko boti mpya.

DADA WA KIGO

Kaka wa Ggaba, nakuheshimu, lakini unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuvutwa na dereva anayemchukia.

Mimi nina kilo 54. Niliwahi kuskii nje ya nchi miaka miwili nyuma ya boti yenye mfumo huo, nikarudi hapa kuvutwa kwa mkono. Dereva wa mkono amezoea wanaume wazito, anasukuma mafuta kabla hata sijavuta, kwa mazoea tu. Nikitoka kwenye boya la pili kamba inanipokea kama mlango unaofungwa kwa hasira. Nikilalamika naambiwa, "Nnyabo, saa imesema sawa." Na hiyo ni siku ambayo dereva hana ubaya na mtu. Siku moja dereva alikuwa binamu wa mpinzani wangu. Sitasema zaidi.

Hizo herufi unazozidharau ndizo zilizonipa nafasi. Nikachagua jibu laini, mwanamume wa kilo 90 akachagua kali, kila mmoja kwa mwili wake. Ukitulazimisha wote seti moja ya herufi na namba, umechagua seti ya mtu fulani ukaiita haki. Kiatu namba 42 kwa wote ni usawa wa namna gani?

MWENYE MADA, GGABA

Dada, la kiatu nalikubali. Ila kiatu cha duka moja, na duka lina mteja mmoja. Ungekuja na kilo zako 54 bila ile miaka miwili, ungeijua namba yako?

DADA WA KIGO

Nisingeijua. Ningepewa mizunguko miwili ya majaribio, ningeijua. Hilo ni jambo la ratiba.

MPITA NJIA, MBALE

Mimi skii sijui, naogopa hata maji ya beseni. Lakini tulinyamaza Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020, 12:35.36, huku taa zikikimbia pembeni ya uwanja kumwonyesha mwendo wa rekodi. Hiyo haikuwa kompyuta? Mbona hatukusema rudisheni?

MWENYE MADA, GGABA

Zile taa hazikumshika Cheptegei mkono, ndugu yangu. Zilimwonyesha, akakimbia kwa mapafu ya kwao Sebei. Boti inavuta. Taa ikiharibika anaendelea kukimbia. Boti ikikohoa, mimi nazama.

MWALIMU WA HESABU, JINJA

Mnabishana juu ya sekunde bila kuuliza mita. Nani aliwapimia hizo 259?

Kama maboya yenu yalifungwa kwa mawe na kamba za nailoni kama ninavyodhani, njia yenu ina urefu wake wenyewe. Chukua kosa la mita 5 tu. Kwa kilomita 49 kwa saa hizo ni sekunde 0.37. Dereva wenu wa mkono, akiwa mwaminifu kabisa na saa yake sahihi kabisa, atalazimika kwenda na mwendo usio 49 ili apate 19.03 yenu. Atakuwa anawadanganya bila kujua. Saa inaamini maboya. GPS haiangalii maboya, inasoma mwendo wa boti juu ya ardhi. Kwa hiyo makundi yenu mawili ya Desemba huenda hata hayakuwa na mwendo mmoja, na hakuna aliyeiba.

Mkumbuke pia 2020, ziwa lilipopanda likameza ufuko hapo hapo Ggaba. Kina kikibadilika, kamba ya nanga inabaki fupi au ndefu, boya linahama. Pimeni asubuhi ya mashindano, si wiki moja kabla.

MWENYE MADA, GGABA

Mwalimu, hapo umenikamata. Tulipima kwa kamba iliyolowa, watu wawili kwenye mtumbwi, upepo ukivuma. Sikuwahi kufikiria kwamba saa na GPS haziulizi swali moja. Hilo ni la kwanza ninalolichukua humu.

AFANDE MSTAAFU

Nimeendesha boti ziwani humu miaka 19, nyingine kazini, nyingine kwa starehe za wenye pesa. Niruhusuni.

Wote mnaangalia mkono wa mafuta, hakuna anayeangalia usukani. Skrini inashika mwendo. Haishiki njia. Dereva akiisogeza boti sentimeta 20 kuelekea upande wa mchezaji anapofika boyani, amempa sentimeta 20 za kamba bure. Akirudia upande wa pili, tena bure. Sasa hesabuni: kutoka kamba ya 10.75 kwenda 10.25 ni nusu mita. Sentimeta 20 ni karibu nusu ya hatua hiyo, na mtu aliye ufukoni hawezi kuziona. Kwa kamba yenu ndefu ya 18.25 si kitu kikubwa, lakini nusu boya nayo si kitu kikubwa, na mmeigombania tangu Krismasi. Huko kwenye mashindano ya rekodi siku hizi wanapima hata njia ya boti, kwa sababu ugomvi ulihamia huko baada ya mwendo kushikwa.

Kuhusu mkono dhidi ya mashine. Mkono wangu unasikia kwa sikio. Mtu akianza kukata, sauti ya injini inashuka kidogo kabla sindano haijashuka, na hapo ndipo naongeza, kidogo, kama unavyokaza kofia ya chupa. Asubuhi niko sawa. Mchezaji wa tisa, jua la saa nane, mkono umechoka na sikio limechoka. Huyo wa tisa hakuvutwa na mimi yule yule aliyemvuta wa kwanza. Nawaambia kwa sababu hakuna dereva atakayewaambia. Kwa hilo mashine inanishinda.

Ila mashine yenu ya Desemba ilishindwa na jani la gugu maji.

FUNDI WA MASHINE, LUZIRA

Jani moja, Afande! Kichujio kilikuwa hakijafunguliwa tangu Pasaka. Nilikifungua mwenyewe.

MWENYE MADA, GGABA

Haya. Nimewasoma, na ningekuwa mwongo kusema niko palepale nilipoanza. Kupinga skrini moja kwa moja, hapana tena. Ya Afande kuhusu mchezaji wa tisa imeniingia, maana Desemba nilikuwa wa tisa.

Lakini hoja ya kufungia nje boti zisizo na GPS bado naipinga. Kwenye hii ghuba ziko ngapi? Moja, na mwenyewe pia ni mchezaji. Mkipitisha, siku akisafiri hakuna mashindano, siku akiwepo yeye ndiye mwenye uwanja. Kosa la Desemba lilikuwa kuhesabu matokeo ya boti mbili kana kwamba ni boti moja. Boti ilipozimika, matokeo ya wote yangefutwa, tukaanza upya nyuma ya ile ya faiba, wale sita nao wakaonja mkono. Hakuna aliyethubutu kusema kwa sababu mwenye boti ndiye aliyenunua mbuzi.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Boti moja, dereva mmoja, kutoka mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Ikiharibika, tunaanza upya. Zamu kwa kura, asiwepo wa kukaa wa tisa kila mwaka. Ikipatikana yenye skrini, mwenye boti ayatangaze majina ya seti zake siku mbili kabla, na kila mtu apewe mizunguko miwili ya kuonja, kama Dada alivyosema. Isipopatikana, tunakwenda na mkono, Afande anapumzishwa kila baada ya wachezaji watatu, na muda wa kila mzunguko unasomwa kwa sauti ufukoni, mzuri na mbaya. Mwalimu aje na tepu yake kutoka Jinja, nauli tutachanga.

AFANDE MSTAAFU

Naafiki, isipokuwa usukani. Wekeni mtu mmoja nyuma ya boti, amesimama, asiye na ndugu kwenye orodha, kazi yake ni kuangalia mstari tu.

MPITA NJIA, MBALE

Asiye na ndugu, Buganda hii? Nileteni mimi, simjui mtu.

DADA WA KIGO

Seti siku mbili kabla, sawa. Boti moja, sawa. Sasa kamba anakuja nayo nani? Ile ya Desemba ilikuwa na fundo karibu na mpini, niliishika kwa mkono wangu, na baada ya mchezaji wa nne mtu alilifungua.

MWENYE MADA, GGABA

Alilifungua nani?