Watunzi wa simulizi fupi za kutisha na mashairi ya giza: kazi yako iliwahi kukurudia? Tupeane uzoefu

Kalamu_ya_Saa_Nane
Wakuu, habari za usiku. Naandika simulizi fupi za kutisha, zile za maneno 300 hivi ambazo mtu anazimaliza ndani ya daladala kabla hajafika kituoni. Mwaka wa sita huu, na malipo msiniulize. Nataka tusimuliane jambo moja tu: siku ulipotunga kitu cha kuogofya, kikatoka kwenye karatasi kikakufuata. Ulivyokutana na jini chooni, uzi wake upo kule na umejaa. Hapa ni watunzi, wachoraji na wachongaji.

Naanza mimi. Kwetu ni Turiani. Niliandika kisa cha mama anayefika shambani alfajiri na kukuta limepaliliwa lote usiku. Anafurahi, anadhani ni shemeji zake. Siku ya tatu mvua imenyesha, anaona nyayo kwenye tope: mguu mdogo wa kushoto, hauna kidole cha mwisho. Mwanawe aliyemzika miaka miwili nyuma, kidole hicho kilikatwa na jembe. Basi, nikaishia hapo. Neno msukule, yaani mfu anayetumikishwa na mchawi, sikulitaja popote, na hilo ndilo nililokuwa naringia.

Kisa kikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp hadi kijijini. Wiki mbili baadaye mama ananipigia, sauti imemkauka: kuna mzee jirani yetu, watu wameacha kununua mahindi yake. Kumbe shamba nililoandika lina mwembe uliopigwa radi, na kijiji kizima mwembe wa hivyo ni mmoja, uko shambani kwake. Nilibadilisha jina la mtu, nikasahau kubadilisha mwembe. Nikapanda basi, nikaenda kusimama mbele ya wazee kueleza maana ya hadithi ya kubuni. Mzee mmoja akaniuliza, "Kama umeibuni, mwembe wetu umefikaje humo?" Mpaka leo sina jibu.

Kaa_la_Moto
Natia nanga hapa na kahawa yangu. Ila mkuu, yule mzee alisamehe?

Kalamu_ya_Saa_Nane
Kwa mdomo, ndiyo. Mahindi nilinunua mimi, magunia manne. Tulikula makande mpaka watoto wakagoma.

Mkarafuu_wa_Wete
Assalaam alaykum. Mie ni Mpemba, na nyote mshajua nitasema nini, kwa hiyo nilimalize: ndiyo, Popobawa, yule kiumbe wa mbawa anayesemwa huvamia watu usiku majumbani.

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, nilikuwa na miaka saba. Wengine walisema ni shetani, wengine walisema ni siasa imevaa mbawa, na hata leo ukikaa barazani utawasikia wote wawili. Mie ninachokikumbuka si mnyama. Nakumbuka tulivyolala nje. Mtaa mzima, mikeka imetandikwa pamoja, moto katikati, wanaume wakikesha kwa zamu. Kwa mtoto ilikuwa kama sikukuu. Hatukuwa tukiambiwa kitu, tuliambiwa tu tusiende ndani kuchukua maji peke yetu.

Nilipoanza kuandika, kila niliyemwonesha alitaka jicho moja katikati ya paji, mbawa, masikio marefu. Nikayaandika. Yakawa katuni. Nikayafuta, nikaandika juu ya kile nilichokiona: mtoto amelala nje baina ya watu wazima, hapati usingizi, anaanza kuhesabu miguu iliyotoka kwenye mashuka. Anahesabu, anarudia, anahesabu tena. Miguu imezidi miwili.

Kisa chote ni ukurasa mmoja. Nilimsomea baba yangu, ambaye hadithi zangu huziita "mambo yako yale". Safari hii hakucheka. Alikaa kimya, akaomba maji, kisha akasema, "Nani alikwambia kuwa tulikuwa tukihesabu?"

Wallahi sikuambiwa na mtu.

Kaa_la_Moto
Kahawa imeniishia na sithubutu kwenda jikoni.

Bi_Sehemu_ya_Tisa
Yangu inachekesha zaidi. Niko Tanga, huandika mfululizo Facebook, ile ya "usikose sehemu ya pili kesho". Nilitunga kisa cha mwendesha bodaboda aliyembeba abiria usiku njia ya Pongwe. Kadiri anavyokwenda pikipiki inazidi kuwa nyepesi, lakini mikono ya abiria bado imemshika kiunoni.

Sehemu zikawa tisa. Kuna mtu akazichukua zote, akazisoma kwa sauti nzito yenye mwangwi na muziki wa vyombo, akaandika juu yake KISA CHA KWELI. Jina langu hakuna. Nilikasirika, nikapanga kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nikaulizia taratibu zote. Kabla sijaenda, mama yangu mzazi akanitumia ile sauti, akasisitiza, "Mwanangu, usipande boda usiku, sikiliza hii mpaka mwisho." Nikampigia, mama, hicho kisa nimekitunga mimi, kwenye kochi lako hilo hilo. Akanijibu, "Wewe umekiandika, lakini kimetokea."

Siku hizi akitoka msibani usiku anakodi bajaji. Gharama nalipa mimi.

Mstari_Huru
Hahaha, dada umelipia mara mbili.

Mwl_Mstaafu
Vijana, nimewasoma wote. Nitaandika kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Nilifundisha Kiswahili sekondari mkoani Shinyanga. Kila Ijumaa mchana niliwasomea wanafunzi hadithi niliyotunga mwenyewe, kwa sababu vitabu vilikuwa vichache na mchana wa Ijumaa ni mrefu. Walipenda za kutisha. Safari moja nikaleta ya bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Wakapiga kelele, wakashikana mikono, nikajiona fundi kwelikweli.

Kengele ikalia, wakatoka. Akabaki msichana mmoja wa kidato cha pili. Akasema, "Mwalimu, bibi yangu ana macho hayo. Nikirudi nyumbani nimwambieje?"

Mnaotoka Usukumani mnajua uzito wa swali hilo. Bibi zetu wamepikia kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka hamsini. Moshi ndio unaowafanya macho mekundu. Na kwa macho hayo wako waliodhaniwa wachawi, wakafuatwa usiku kwa mapanga. Mimi nilijua. Nilikuwa nimehudhuria maziko ya mmoja wao. Lakini nilipokaa kutunga, mkono ulikwenda wenyewe kwa bibi, kwa kuwa bibi ndiye aliyekuwa karibu na ndiye asiyeweza kunijibu.

Niliiandika upya hadithi ile. Bibi ni yule yule, macho yale yale, nyumba ile ile. Ila sasa tuko ndani pamoja naye. Anasikia watu nje. Mmoja anakohoa, na bibi anakitambua kikohozi, maana alimlea mwenye kikohozi hicho akiwa mchanga. Niliisoma Ijumaa iliyofuata. Hakuna aliyepiga kelele. Yule msichana aliniomba karatasi yenyewe akaondoka nayo, sikubaki na nakala.

Kalamu_ya_Saa_Nane
Shikamoo mwalimu. Nimeisoma mara mbili. Nadhani ndicho alichotaka kuniambia yule mzee wa baraza, ila alikuwa na adabu.

Mwl_Mstaafu
Marahaba.

Nahodha_wa_Vina
Mimi Lamu. Ushairi wetu wa giza si wa jana. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoyaona magofu ya mji wa Pate hakuhitaji zimwi: katika utenzi wake Al-Inkishafi madaka yaliyopangwa vyombo vya thamani yamekuwa malalo ya makinda ya ndege, na bundi analia ndani ya nyumba ya tajiri. Mimi ni mwanafunzi wa mbali wa njia hiyo. Ubeti wangu mmoja, wa mama:

*Usiku mlango wangu, wagongwa na nisojua,*
*Ni sauti ya mwanangu, "Mama njoo kufungua",*
*Naye yuko kando yangu, amelala apumua,*
*Ni nani nitafungia, ni nani nitafungua?*

Ulivyonirudia: mke wangu aliusoma, na tangu siku hiyo mtoto wetu akibisha hodi, mamake huuliza kwanza jina la nyanya yake mzaa baba. Mtoto ana miaka tisa, anasimama nje na begi la shule anajibu maswali.

Mstari_Huru
Mzee wangu, kwa heshima zote, vina vinaua hofu. Sikio limeshajua "ua" inakuja. Kitu unachokijua kitakutishaje? Mimi naandika mistari isiyo na vina ili msomaji asijue anakanyaga wapi. Halafu kipande cha kwanza cha mstari wa kwanza naona kina mizani saba.

Nahodha_wa_Vina
Kijana, hesabu na vidole. U-si-ku-m-la-ngo-wa-ngu. Hiyo "m" inasimama peke yake, ni silabi kamili. Nane. Sijatunga guni, shairi lenye kasoro ya vina au mizani, tangu nivuliwe kaptura.

Na kuhusu hofu: ndiyo, sikio linajua "ua" inakuja. Linaijua, na haliwezi kuizuia. Wewe ukisikia hatua zinapanda ngazi kwa mwendo mmoja, hofu inapungua?

Mstari_Huru
Nimenyamaza. Naenda kuhesabu tena.

Tezo_la_Mwenge
Wakuu, mimi siandiki, nachonga. Mmakonde, kibanda changu kipo Mwenge. Nachonga mashetani, njia aliyoianzisha mzee Samaki Likankoa mwaka 1959 hapa hapa Dar. Kwenye mpingo shetani hana sheria: sikio linaweza kushuka likawa mguu, tumbo likawa uso, jicho likakaa linapotaka. Wageni wanayapenda. Wabongo wanapita upande wa pili wa njia, isipokuwa mteja mmoja ambaye humfunika shetani wake kwa gazeti kabla hajatoka naye.

Sasa, nilipokuwa nimepanga chumba, nilichonga shetani mwenye mikono saba, yote inahesabu pesa. Nikamweka dirishani akauke, kwani mpingo ukiupeleka juani ghafla unapasuka. Mama mwenye nyumba akapita. Akarudi. Akasimama pale muda mrefu sana. Jioni nikaletewa notisi.

Nilimfuata, nikamwambia mama, hiki ni kinyago tu, mikono saba nani anayo? Akasema mikono haina shida. Kisha akacheka kwa bahati mbaya, nikaliona. Lile pengo la mbele, juu, upande wa kulia. Nilikuwa nimelichonga bila kujijua, kodi baada ya kodi nalitazama, tezo likalikumbuka.

Kalamu_ya_Saa_Nane, wewe ulisahau kubadilisha mwembe. Mimi nilisahau pengo.

Kalamu_ya_Saa_Nane
Mkuu umeniua. Kinyago kiko wapi sasa?

Tezo_la_Mwenge
Alikinunua yeye. Alikata kwenye kodi ya miezi miwili, na notisi akaifuta. Kiko sebuleni kwake, kimegeuzwa uso ukutani.

Bi_Sehemu_ya_Tisa
Mimi bado niko Pemba jamani. Dada Mkarafuu, umetuacha hewani. Kwenye hadithi yako, yule mtoto alihesabu miguu mingapi?

Mkarafuu_wa_Wete
Walilala kumi na mmoja. Alihesabu miguu 24.

Bi_Sehemu_ya_Tisa
Na baba yako, walipohesabu kweli?

Mkarafuu_wa_Wete
Nilimuuliza jana baada ya Isha. Akasema nizime taa kwanza nikalale.