Wakitaka shamba letu kwa mtambo wa nyuklia, tuanzie wapi? Naomba ushauri

NyarBondo
Habari za jioni wana jukwaa. Kwetu ni Siaya, upande wa Bondo, karibu na ziwa. Tangu serikali igeuzie macho huku baada ya watu wa Uyombo kule Kilifi kukataa, barazani hakuna habari nyingine ila mtambo. Baba analima shamba la urithi, hatimiliki ingali kwa jina la marehemu babu. Juzi wamepita watu wasiojitambulisha wakikusanya sahihi. Mzee hajatia. Umeme siupingi. Ninachotaka kujua: ni nani anayewasimamia hao wanaoutaka mradi, na sisi tutasikilizwa wapi? Mliopitia haya nisaidieni.

Kaskazi_Kilifi
Pole dada. Huku tulihofia hori la Mida na samaki wake, msitu wa Arabuko Sokoke, na makaburi ya wazee wetu. Mwambie mzee asitie sahihi karatasi asiyoachiwa nakala. Hata orodha ya waliohudhuria baraza, aandike kando ya jina lake "nimehudhuria tu". Orodha kama hizo hugeuka ushahidi kwamba mlikubali.

Mdhibiti_Mstaafu
Swali lako la msimamizi ndilo kubwa kuliko yote. NuPEA, wakala wa serikali wa nguvu za nyuklia, kazi yake ni kuuendeleza mradi, kwa hiyo ukiiuliza kama ni salama itakujibu ndiyo. Anayetoa leseni, na anayeweza kuinyima, ni KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia, iliyoundwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019. NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo inaangalia mazingira. Japani msimamizi alikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikiipigia debe nyuklia. Baada ya ajali ya mtambo wa Fukushima mwaka 2011, tume ya bunge lao ilisema mwaka 2012 kwamba maafa yale yalisababishwa na binadamu, na mwaka huohuo wakaunda mamlaka mpya inayojitegemea. Kwa hiyo barazani msitosheke na NuPEA peke yao. Dai KNRA waje, nao waulizwe mbele ya watu: mmeajiri wataalamu wangapi wa kukagua kinu cha nyuklia, na bajeti yenu inatoka wapi?

Mwana_wa_Umeme
Jamani tusitishane. Koeberg, Afrika Kusini, inazalisha umeme tangu 1984, na Cape Town iko kilomita 30 hivi tu.

Mdhibiti_Mstaafu
Kweli kabisa, ndugu. Lakini pale kuna mzunguko wa kilomita 5 na mwingine wa 16 wa mipango ya dharura, na ujenzi wa nyumba ndani yake unadhibitiwa, maana lazima watu waweze kuondolewa kwa wakati. NyarBondo, uliza mizunguko hiyo kwenu itafika wapi. Fidia huzungumziwa na wale ambao shamba limechukuliwa. Jirani aliyebaki ndani ya mzunguko na hawezi kuongeza hata nyumba ya mwanawe, yeye anasahaulika.

Kaskazi_Kilifi
Na wavuvi! Maji ya kupoza kinu yakirudi ziwani yana joto. Waulizeni yatatokea wapi.

Sheria_kwa_Wote
Dada, andika barua kwa NuPEA ya kuomba ripoti ya uchunguzi wa eneo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. NEMA ikitoa leseni nanyi hamridhiki, mna siku 60 kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Hizo siku zisiwapite. Ndipo watu wa Lamu walipoenda, na Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikafutwa, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo.

NyarBondo
Asanteni sana. Na shamba lisilo kwa jina la baba?

Sheria_kwa_Wote
Anzeni kesi ya urithi sasa, kabla Tume ya Ardhi haijatangaza lolote. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu hata mkaaji wa nia njema asiye na hati alipwe, ila familia isiyo na msimamizi wa mirathi hungoja muda mrefu huku ndugu wakivutana. Chukueni barua ya chifu inayotaja warithi wote, mabinti pia, nanyi muipeleke mahakamani.