Maua yanakunjamana nikitoa foronya kwenye fremu

Uzi_Mwekundu:
Jamani wadarizi, nisaidieni. Nadarizi foronya za pamba, maua mekundu na majani ya kijani. Kitambaa kikiwa kwenye fremu ya duara kazi inapendeza kabisa. Nikilegeza skrubu tu, petali zinavuta, pembeni kunajaa mikunjo. Pasi haisaidii. Uzi natumia ulivyo, nyuzi zote 6. Tatizo ni uzi, fremu au mkono wangu?

Bi_Mkasi:
Vyote vitatu, mwanangu. Uzi kata kipande cha kama sentimita 45, chomoa mmoja mmoja, kisha unganisha nyuzi 2, au 3 ukitaka ua linenepe. Sita kwa kujaza petali ni kukisonga kitambaa.

Kwenye fremu, vuta kitambaa kufuata nyuzi zake, wima na mlalo. Usivute kwenye kona. Ukivuta mshazari kinatanuka, unakifunga hivyo hivyo na kudarizi juu yake. Ukifungua kinarudi kwenye umbo lake, maua hayawezi kurudi nacho. Duara la ndani lizungushie utepe wa pamba, hakitateleza.

Sasa mkono, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Sindano inazama na kuibuka kwa mpigo mmoja, kama mtu anapiga bandi. Kwenye petali hapana. Ishuke, uzi uishie wote chini, ndipo ipande. Uzi ulale tu juu ya kitambaa. Ukiona tundu la sindano linapanuka, umevuta mno. (Mimi nikijaza petali hata simu sipokei.) Halafu geuza nyuma utazame. Kama unaruka ua hadi ua bila kukata, nyuzi hizo ndefu nazo zinavuta.

Uzi_Mwekundu:
Shikamoo. Nyuma ni utando wa buibui mtupu. Zilizokwisha nizifumue?

Bi_Mkasi:
Marahaba. Usifumue bado. Kata hizo ndefu, kisha kila ncha ipitishe chini ya mishono ya nyuma isije ikachomoka. Loweka maji baridi, laza kifudifudi juu ya taulo nene, nyoosha, bana kingo kwa pini hadi ikauke.

Pini_Tatu:
Uzi mwekundu huo! Kwanza bonyeza kitambaa cheupe kibichi juu ya ua. Kikishika rangi, usiloweke.

Bi_Mkasi:
Kweli kabisa. Na foronya mpya zifue kabla hujazigusa kwa sindano. Pamba hurudi.