Rangi ya tatu haikai mahali pake katika uchapaji wa skrini

Mwanafunzi wa Sanaa, Mombasa
Shikamooni. Kwa mradi wa mwisho wa muhula ninachapa korosho ya kanga (ule urembo wa nguo wenye umbo la korosho) kwenye karatasi, nakala 15, kwa rangi tatu: manjano, nyekundu, kisha nyeusi. Rangi mbili za kwanza zilikaa vizuri, lakini nyeusi imehama, karatasi moja milimita 1, nyingine milimita 3, ingawa nilichora alama za msalaba za kulinganishia kwenye filamu zote (plastiki zenye mchoro wa kila rangi). Nimekosea wapi?

Fundi wa Skrini
Marahaba, mwanangu. Kosa lingekuwa kwenye filamu, karatasi zote zingehama kwa kiasi kilekile. Kwa kuwa kila moja imehama kivyake, kuna kitu kinachocheza unapochapa. Kigonge kitambaa cha skrini kwa kidole: kisipolia kama ngoma kimelegea, na raba unayovutia wino inakisukuma pamoja na wino. Fremu nayo usiishike kwa mkono, bali ifunge kwa bawaba mbili kwenye ubao, na chini ya pembe zake weka vipande vya kadi ili kitambaa kiwe milimita 3 hivi juu ya karatasi, kikiigusa pale tu raba inapopita.

Kisha bandika plastiki ngumu, inayoonyesha kilicho chini yake, kwenye upande mmoja wa ubao na uchape nyeusi juu yake kwanza. Ingiza karatasi chini yake, isogeze taratibu hadi msalaba ulale juu ya msalaba, funua plastiki bila kuitikisa karatasi, ndipo uchape. Rudia hivyo kwa kila nakala. Inachosha, lakini kwa mtu asiye na mashine sijaona njia ya kuaminika zaidi.

Mwalimu wa Uchapaji
Nakubaliana na Fundi, ila usiisahau karatasi yenyewe. Hunyonya unyevu na kutanuka, kwa hiyo kwa hewa ya Pwani, karatasi uliyoichapa manjano Jumatatu huenda isiwe na kipimo kilekile Alhamisi. Ziweke zote chumba kimoja tangu siku moja kabla ya kuanza, wala usizianike juani. Katika mchoro, manjano na nyekundu zisiishie pale mstari mweusi unapoanzia, bali ziingie chini yake kwa milimita 1, kwa kuwa nyeusi itazifunika.

Mwanafunzi wa Sanaa, Mombasa
Ahsanteni sana. Kitambaa kilikuwa kimelegea kweli. Nimekikaza, nikapaka dawa inayoganda kwa mwanga na kuichoma skrini upya kwa taa ili mchoro utokee, na nakala nne za majaribio zimelingana. Sasa wino wa maji unakaukia kwenye vitundu vya kitambaa kabla sijafika nakala ya sita.

Fundi wa Skrini
Kila umalizapo nakala, inua fremu na uuvute wino kwa wepesi ufunike picha yote, ili vitundu visipigwe na hewa wakati unapanga karatasi inayofuata. Ukiona mistari myembamba imeanza kukatika, pangusa skrini kwa kitambaa chenye unyevunyevu kabla ya kuendelea. Feni nayo izime hadi umalize.