Hivi kweli ramani inaweza kumwambia polisi muuaji anakaa wapi?

KipanyaTandika
Wakuu za jioni. Juzi nimecheki dokumentari ya polisi wa nje huko, jamaa kachomeka pini kwenye ramani kila sehemu maiti ilipookotwa, halafu kompyuta ikatema rangi rangi, nyekundu hapa njano pale, akasema mshenzi wetu anaishi humu kwenye nyekundu. Nikasema hii si muvi hii? Maana mimi kama ni muuaji na nina akili timamu si naenda tu kuua mkoa mwingine nirudi zangu kulala. Na kama kweli inafanya kazi, mbona wengine wanasumbua miaka mitano hawakamatwi? Mwenye uelewa anisaidie, ila asinipe lekcha ya chuo.

MzeeWaRamani
Mkuu si muvi, ila dokumentari zinaipamba mno. Kitu chenyewe kinaitwa profailingi ya kijiografia na aliyeiwekea hesabu ni Kim Rossmo, alikuwa polisi wa kawaida Vancouver, Kanada, huku anasoma, akamaliza PhD yake 1995 chuo kikuu cha Simon Fraser. Wazo lake halina uchawi. Ukitaka kufanya uhalifu unaenda sehemu unazozifahamu, yaani njia ya kwenda kazini, kwa shemeji, baa unayokunywa, na kadiri unavyokwenda mbali na kwako ndivyo unavyozidi kutojua vichochoro na pa kutokea kukiharibika, kwa hiyo matukio yanapungua na umbali. Lakini pia hufanyi mlangoni kwako. Angalia hata vibaka wetu, anayekwapua simu hakwapui kibarazani ambapo mama ntilie anamjua yeye na bibi yake, anasogea mitaa kadhaa. Kwa hiyo kuzunguka nyumba ya mhalifu kunakuwa na kaeneo katulivu, halafu nje yake ndo matukio yanajaa, halafu mbali zaidi yanafifia.

Sasa Rossmo anakata ramani vipande vidogo vidogo, kila kipande anauliza: huyu mtu angekuwa anaishi hapa, matukio yote haya yangekaa hivi yalivyokaa? Na umbali anaupima kwa kufuata kona za mitaa, kwa sababu binadamu hapai kama kunguru. Kipande kinachojibu vizuri kinapewa alama kubwa, ndo hiyo nyekundu yako. Ila inataka matukio kama matano hivi, tena uwe na uhakika ni ya mtu mmoja. Ukichanganya humo tukio la mtu mwingine umejipotosha mwenyewe.

Na hapa ndo watu wengi wanapokosea: ile ramani haimtaji mtu wala nyumba. Inapanga foleni. Polisi ana majina elfu kadhaa mezani, yote yana kasababu, sasa aanze na nani? Anaanza na wanaokaa kwenye nyekundu. Basi.

Halima_Bradford
Naomba nichomekee hapo maana mimi naishi huku Bradford, Uingereza, na wazee wa huku hii stori wanayo mpaka leo. Peter Sutcliffe, dereva wa lori, aliua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980, Leeds, Bradford, Manchester mpaka Huddersfield. Polisi walikuwa na kadi za karatasi nyingi kiasi kwamba sakafu ya chumba chao Leeds iliogopewa itabomoka. Kadi, sio kompyuta. Na Sutcliffe mwenyewe walishamhoji mara tisa wakamwacha!

Kilichowaponza ni barua na kaseti. 1979 akatuma mtu sauti anajiita ndiye muuaji, ana lafudhi ya Sunderland, mji mwingine kabisa, wakubwa wakaimeza nzima nzima, nguvu zikahamia Sunderland, na ukiwa huna lafudhi ile unaachiwa. Kumbe muongo tu, jamaa alikuja kukamatwa miaka ya baadaye kwa DNA ya mate kwenye bahasha, akafungwa 2006.

Mwishoni mwa 1980 wakaletwa wataalamu wa nje kupitia jalada upya, mmojawapo mwanasayansi anaitwa Stuart Kind. Akachukua sehemu 17 za mashambulizi akajiuliza, nikichomeka pini ya 18 niifunge uzi kwenda kwa kila mojawapo ya hizi 17, niiweke wapi ili nyuzi zote kwa jumla ziwe fupi kabisa? Ikaangukia karibu na Bradford. Halafu akaangalia saa, hapo ndo nampendea: mashambulizi ya mbali yalitokea mapema jioni, ya karibu yalitokea usiku mwingi. Mtu ana safari ya kurudi nyumbani, akiwa mbali anawahi. Akaandika jamaa anaishi Bradford, labda upande wa Manningham au Shipley. Sutcliffe alikuwa anakaa Heaton, ambayo iko katikati ya hizo mbili. Yaani wallahi nikipita pale kwa basi huwa naangalia.

Ila msidanganyane, sio ramani iliyomkamata. Januari 1981 Sheffield polisi wa doria walikagua gari lake wakakuta namba za bandia. Ripoti ya Kind haikuwa imefika popote.

KipanyaTandika
Dah. Halima umenipa kitu. Sasa lile swali langu, anayesafiri je?

Otis_Kisumu
Hapo ndio hii kitu inakwama, boss, na ulikuwa na point. Wanagawanya wahalifu mafungu mawili, yule anazunguka na kwake ndio katikati, na yule anafunga safari aende kufanyia kazi mahali pengine arudi. Huyu wa pili ramani inakupeleka pahali hakai. Angalia wale wa Washington, Oktoba 2002, Muhammad na kijana Malvo, waliua watu 10 kwa bunduki, Rossmo aliitwa kusaidia, lakini wale walikuwa wanalala ndani ya gari, Chevrolet Caprice kuukuu. Sasa utatafuta nyumba gani? Walipatikana wamelala kwenye maegesho ya barabara kuu Maryland baada ya namba ya gari kutangazwa na raia kuliona.

Pia usiamini sana hizo softiwea za bei. David Canter, mwanasaikolojia wa mambo ya uhalifu, na wenzake walishajaribu kuwapa watu wa kawaida ramani na kuwafunza kanuni mbili tu rahisi, kwamba wengi hufanya karibu na kwao na kwamba kwao huwa ndani ya duara linalozunguka matukio, na wakakisia karibu sawa na mashine. Kwa hivyo mimi naona akili iko kwa ile kanuni, rangi ni za kuuzia.

MzeeWaRamani
Otis kwenye rangi nakupinga kidogo, duara linakuachia eneo zima, mashine inakwambia uanzie upande upi wa duara, na ukiwa na askari wachache hiyo ni tofauti kubwa. Ila tusibishane.

Kipanya umeuliza mbona miaka mitano hawakamatwi. Rossmo huyo huyo, 1998, aliwaambia wakubwa zake Vancouver kwamba wanawake wanaopotea mtaa wa Downtown Eastside ni wengi kupita kawaida na yawezekana kuna muuaji mmoja. Hawakumsikiliza. Wengi walikuwa makahaba na watumiaji wa madawa, unaelewa. Na hesabu yake isingemsaidia, maana hapakuwa na maiti hata moja, huna pini ya kuchomeka. Muuaji mwenyewe, Robert Pickton, alikamatwa 2002 kwenye shamba lake la nguruwe Port Coquitlam, nje kidogo ya jiji, polisi wakiwa wameingia kutafuta bunduki zisizo na kibali. Wakati huo Rossmo alishaondoka kazini, mkataba wake haukuongezwa.